Apendaye Mbio Ajue Kwanza Kusimama

Huko Ujerumani, katika milima ya Eifel, iko barabara isiyoelekea mji wo wote. Huanza karibu na kijiji cha Nürburg, huzunguka msituni kilometa 20.8, ikipanda, ikishuka na kupindapinda, kisha hurudi pale pale ilipoanzia. Jina lake Nürburgring. Ilifunguliwa mwaka 1927 kwa ajili ya mashindano ya motokari. Lakini siku nyingine mtu ye yote mwenye motokari ya kawaida na ruhusa ya kuendesha aweza kulipa na kuingia.

Tusidhani kwamba ni mchezo wa watoto. Tarehe 1 Agosti 1976 bingwa wa dunia Niki Lauda, mtu wa Austria, alipata ajali pale. Motokari yake iliwaka moto, naye akaungua vibaya hata padri akaja hospitalini kumpa sakramenti ya wagonjwa. Alipona, akaishi mpaka mwaka 2019. Ikiwa bingwa mwenye mafundi wake alifikwa na hayo, sembuse mtu aliyekuja na motokari anayopelekea watoto shuleni?

Je, mtu huyo aanzie wapi kuitengeneza? Vijana wengi watajibu: «Aiongezee nguvu.» Fundi mwenye akili husema: aanze na breki, yaani freni. Sababu ni hii: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inayopaswa kuzuiwa huzidi mara nne. Ndivyo ilivyo kwa motokari iendayo kilometa 120 kwa saa, ukiilinganisha na ile iendayo 60. Nguvu hiyo, dereva akanyagapo breki, hugeuka kuwa joto katika diski na pedi. Katika barabara ya mbio hukanyaga tena na tena, wala breki hazipati nafasi ya kupoa.

Hapo ndipo ilipo hatari iliyofichika. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka kwa mwaka, wala jicho halioni. Mafuta ya aina ya DOT 4, yakiwa mapya, hustahimili walau digrii 230 za joto kabla ya kuchemka. Yakiisha kuingiwa na maji sehemu 3.7 katika 100, yaweza kuchemka kwenye digrii 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukandamizika. Basi dereva hukanyaga, kikanyagio huzama mpaka chini, na motokari haisimami! Kwa hiyo mafuta hayo yabadilishwe kabla ya siku yenyewe, pamoja na pedi zilizolika.

Kisha upepo wa mipira upimwe ikiwa baridi, na tena ikiisha kupata moto, maana joto huuzidisha. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo. Mafuta ya injini yafike alama ya juu, yasiipite. Kwenye kona kali hukimbilia upande mmoja, na yakiwa machache pampu huvuta hewa. Kila kitu kisichofungwa kitolewe: jeki, sanduku, chupa. Chupa moja ikibingirika chini ya kikanyagio cha breki yatosha kuua.

Dereva naye aende polepole katika mzunguko wa kwanza, ili vyombo vipate joto taratibu. Na wa mwisho vilevile, ili breki zipoe.

Je, Mkristu aruhusiwa mchezo huu? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, ikieleza amri ya tano, yafundisha kwamba anayehatarisha maisha yake na ya wenzake kwa kupenda kasi ana hatia kubwa. Basi anayejitayarisha kwa uangalifu na kujizuia aitii amri hiyo kuliko anayekimbiza motokari mbovu sokoni.

Neno hili latuhusu na sisi. Gari lishukalo miteremko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, breki zake hupata moto kwa sababu ile ile, na ndani yake wamo mama na watoto. Wanawali wenye busara walitayarisha mafuta mapema, kabla ya usiku kuingia. Ndugu dereva, mafuta ya breki zako yalibadilishwa lini?