Kuoka Samaki kwa Limau na Majani Mabichi

Natumaini mmekwisha kuketi, na kila mmoja ana daftari na kalamu mbele yake. Leo tutahitaji na rula pia. Kama darasani kuna rula moja tu, si kitu, itazunguka.

Somo letu limetokana na barua. Mama mmoja anayesoma katika darasa la jioni ametuandikia. Anasema hii ndiyo barua ya kwanza aliyoiandika mwenyewe tangu kuzaliwa kwake, bila kumwomba mtoto wa jirani amshikie kalamu. Barua yenyewe ni fupi. Mwanawe alikuwa anarudi nyumbani baada ya miezi mingi. Mama akauza mayai ya majuma mawili, akanunua changu mzuri, mnene wa vidole vitatu. Akampaka limau jioni, akamweka katika friji ya jirani mpaka asubuhi, kisha akamwoka saa nzima ili aive barabara. “Mwanangu alimla wote,” anaandika, “lakini nilimwona akinywa maji kila tonge.” Anauliza: nilikosea wapi?

Mama yetu, ulikosea mahali pawili, na mimi ninayesema nimekosea pale pale kabla yako, tena mbele ya wakwe. Basi tutazame pamoja.

Tuanze na nyama yenyewe. Ng’ombe hutembea kutwa akibeba uzito wa mwili wake. Kwa hiyo nyama yake imefungwa kwa nyuzi ngumu, na nyuzi hizo hazilainiki ila kwa kupikwa polepole muda mrefu. Samaki hana kazi hiyo, kwa maana maji humbeba. Nyama yake imepangwa vipande vifupi vifupi, kimoja juu ya kingine, kama kurasa za kitabu. Kati ya kurasa hizo pana utando mwembamba tu, nao huyeyuka upesi ukipata moto. Ndiyo sababu samaki aliyeiva huachana mapande mapande ukimgusa kwa uma. Hakuna kitu kigumu ndani yake kinachongoja saa nzima kilainike.

Tena samaki wa nyama nyeupe, kama changu, chewa, tasi na pono wa baharini, au sato wa ziwani, wengi wao hawana mafuta mengi ndani ya nyama. Kibua ana mafuta, na mafuta humlinda kidogo. Changu analindwa na maji yake tu. Moto ukizidi, nyama hujikunja na kuyakamua maji hayo, kama mtu akamuavyo nguo. Ukiona matone meupe yanatoka juu ya samaki na kuganda, ujue ukamuaji umekwisha anza. Maji yakitoka hayarudi. Hata ukimwaga mchuzi juu yake, utalowesha nje tu. Wenzetu wa Ziwa Viktoria wana sangara, aliyeletwa katika ziwa hilo miaka ya 1950. Nyama yake ni nyeupe pia, lakini ana mafuta zaidi, kwa hiyo husamehe kosa la dakika mbili tatu. Changu hasamehi.

Sasa shikeni rula. Watu wengi hukadiria muda wa kuoka kwa kutazama urefu wa samaki, au kwa uzito wake. Njia hiyo hupoteza. Moto haupiti kutoka kichwani kwenda mkiani. Huingia kwa juu na kwa chini, ukakutana katikati, penye uti wa mgongo. Kwa hiyo jambo la kupima ni unene. Mlaze samaki mezani kwa ubavu, simamisha rula kando yake mahali alipo mnene kabisa, kisha soma namba iliyo sawa na mgongo wa rula hadi ubavu wa juu. Wapishi wengi hufuata kanuni hii: katika tanuri lenye moto mkali, kadiri ya digrii 220 au 230 za sentigredi, samaki mwenye unene wa sentimita 2 na nusu huoka dakika 10. Maana yake, kila sentimita 1 ni dakika 4.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni hesabu hizi, na wanafunzi wazimalize: sentimita 3, dakika ngapi? Sentimita 5, dakika ngapi? Sentimita 6, dakika ngapi?

(Hapa redio ilinyamaza kidogo ili madarasa yafanye hesabu.)

Vema. Dakika 12, dakika 20, dakika 24. Vidole vitatu vya mama yetu ni kama sentimita 5. Samaki wake alihitaji dakika 20, naye akampa 60. Zile dakika 40 zilizobaki zilikuwa za kumkausha tu.

Kama umemjaza vitu tumboni, pima baada ya kumjaza. Kama umemfunga katika jani la mgomba, ongeza dakika 5, kwa kuwa jani huchelewesha moto. Lakini rula haioni ndani. Dakika zikikaribia kutimia, ingiza ncha ya kisu karibu na uti wa mgongo, ufunue kidogo. Nyama mbichi hupitisha mwanga, mithili ya kioo chenye ukungu. Iliyoiva ni nyeupe kama maziwa. Ikiwa karibu na mfupa nyama bado inang’ang’ania kidogo sana, mwepue hivyo hivyo, mwache dakika 5 akiwa amefunikwa. Moto uliomo ndani utaimaliza kazi. Mwenye kipimajoto cha jikoni angoje kifike digrii 63 katikati ya nyama, asizidishe sana.

Hilo lilikuwa kosa moja. La pili ni limau.

Limau ni chungu kwa sababu lina asidi. Asidi ikikaa juu ya nyama ya samaki huigeuza iwe nyeupe na ngumu, karibu kama moto ufanyavyo. Ukimlaza changu katika limau usiku kucha, asubuhi unamtia motoni samaki ambaye nyama yake imekwisha kaza na kuanza kutoa maji. Ni kama kumpika mara mbili. Robo saa yatosha. Nusu saa ndiyo mwisho. Na msidanganyike na weupe huo: limau hubadili rangi, lakini haliui vijidudu kama moto, kwa hiyo samaki wa limau bila moto bado ni mbichi.

Mtaniuliza, ndimu je? Ndimu ni ndogo, ina ngozi nyembamba, na uchungu wake ni mkali zaidi. Limau ni kubwa, na ganda lake lina harufu nzuri. Lolote katika hayo lafaa. Mwenye ndimu apunguze kipimo tu.

Liko jambo moja hapa ambalo ningependa mlisikilize vizuri kuliko mengine yote. Sisi watu wa pwani tunasema tunatia ndimu ili kukata shombo. Ni kweli, tena ina sababu yake. Samaki akikaa baada ya kufa, katika nyama yake huzidi kitu chepesi kinachoruka hewani, na hicho ndicho tunachokisikia puani. Asidi ya ndimu hukishika kisiruke. Shombo inapungua. Lakini samaki ni yule yule. Kama alikuwa ameharibika, bado ameharibika, sasa hanuki tu. Kwa hiyo mchunguze samaki kabla ya kumtia limau, wala si baada yake. Macho yawe yamejaa na yanang’aa, yasiwe yamezama. Funua matamvua, yaani viungo vya kupumulia vilivyo chini ya mashavu: yawe mekundu, si ya kahawia wala ya kijivu. Bonyeza ubavu kwa kidole: shimo lirudi mara moja. Harufu iwe ya maji ya bahari. Muuzaji akikataa usimguse samaki wake, nenda kwa mwingine. Na ukiletewa minofu iliyokwisha lowekwa ndimu, muulize mwenyewe kwa nini alifanya haraka hiyo.

Chombo nacho kina neno. Usimloweke samaki wa limau katika sufuria ya alumini. Asidi hula alumini kidogo kidogo, na chakula hupata ladha ya chuma. Tumia bakuli la udongo, la kioo au la plastiki.

Majani sasa. Harufu ya majani yote hutokana na mafuta mepesi yaliyo ndani yake. Mengine huyashika mafuta hayo hata kwenye moto, mengine huyaachia mara moja. Mchaichai na majani ya mlimau ni magumu, hustahimili. Ponda bua la mchaichai kwa mchi, likunje, lipachike tumboni mwa samaki pamoja na majani mawili matatu ya mlimau. Kotmiri na nanaa ni laini. Ukizioka kwa muda huo zitageuka rangi ya tope, na harufu yake itanufaisha majirani. Kwa hiyo zigawe: vikonyo vya kotmiri viingie tumboni pamoja na kitunguu saumu na tangawizi, na majani yake uyakatekate, uyaweke kando mpaka mwisho. Samaki akiepuliwa, changanya majani hayo na mafuta kidogo na matone ya limau, ummwagie akiwa bado moto. Hapo ndipo mtu atasikia harufu kabla hajaketi.

Vipande vya limau navyo visiwe vingi. Ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda hutoa uchungu wa dawa ikikaa motoni. Vipande viwili vyembamba tumboni vyatosha. Limau lililobaki lingoje mezani.

Mtasema, mwalimu huyu ana tanuri, sisi tuna jiko la makaa. Mimi pia nilijifunza kwa makaa. Chukua sufuria pana yenye mfuniko ulio bapa. Tandaza chini visahani vya kitunguu maji, unene wa kidole, ili samaki asigande. Mpare magamba, mtoe matumbo, mwoshe, mkaushe kwa kitambaa safi, mchanje mara mbili tatu kila ubavu, mpake chumvi na mafuta kidogo. Pitisha jani la mgomba juu ya moto mpaka lilainike na kung’aa, umfunge. Jani litalinda unyevu, tena litamtenga samaki wa limau na ile alumini. Mlaze juu ya vitunguu, funika, kisha palia, yaani weka makaa yaliyokolea juu ya mfuniko. Makaa mengi yawe juu, machache chini. Wengi hufanya kinyume, wakala kitunguu kilichoungua na mgongo mbichi.

Katika makaa hatujui digrii. Anza kuchungulia dakika za rula zikitimia, na usishangae akitaka 5 au 10 zaidi. Fanyeni kazi hiyo uani au mahali penye hewa nyingi. Makaa hayana moshi mwingi, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imewaua watu waliofunga milango.

Mama yetu, na ninyi nyote, andikeni maneno haya katika kipande cha karatasi mkibandike karibu na jiko: “Unene, sentimita moja, dakika nne. Limau, robo saa. Kotmiri, mwisho.” Mwalimu atazame herufi. Neno “sentimita” liandikwe bila kukatwa, na “kotmiri” lina t na m zinazofuatana, wengi hulisahau hilo.

Katika barua yako uliuliza pia kama kichwa kikatwe kabla ya kuoka, kwa sababu sufuria yako ni ndogo. Ikiwezekana, usikikate. Mkunje samaki kidogo afuate duara la sufuria, au ukate mkia, ambao hauna nyama. Kichwa huziba njia ya maji yasitoke. Tena mashavuni, chini kidogo ya macho, pana vinofu viwili vidogo, laini kuliko sehemu zote za samaki. Mwanao atakaporudi tena, mpe kimoja, na kingine ule mwenyewe.

Kwaherini.