Oili Nzito Haiponyi Beringi

Msimu wa korosho ukikaribia, swali ni lile lile, Nachingwea na Ruangwa: "Fundi, giaboksi inalia, niweke oili gani nzito inyamaze?" Hakuna oili hiyo. Nimelijibu swali hili kwa upole vya kutosha, na bado giaboksi nzuri za Land Rover zinaendelea kufa.

Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, mapori ya Nachingwea yakiwa yanafyekwa kwa mpango wa karanga wa Waingereza. Mpango ulikufa 1951. Land Rover zimebaki: mwenye Land Rover 109 leo ana gari ambalo giaboksi yake inafunguka, inapimika na inatengenezeka. Kwa nini uiue kwa kopo la oili?

Beringi inayovuma imeshamomonyoka. Njia ya gololi imechoka, chuma kimebanduka, na gololi zikipita juu ya vishimo hivyo ndipo unausikia mvumo. Oili nzito hufunika mtikisiko kwa siku chache tu. Vishimo viko pale pale. Shafti inaendelea kucheza, meno ya gia hayakutani yanavyotakiwa, na chenga za chuma huzunguka na oili mpaka kwenye beringi zilizokuwa nzima. Sinkro nazo hushindwa kuikamua oili hiyo ili zishike, gia zikaanza kukwaruza. Wanaochanganya grisi wanaharibu zaidi: gia huirusha ukutani, inang'ang'ania huko, meno yanabaki makavu. Anayekuuzia ukimya huo anakuuzia na shafti mpya, maana beringi uliyoona ghali kuibadilisha itaila shafti na gia zake.

Sikiliza kwanza. Gari limesimama, injini inazunguka, gia huru: mvumo ukikata unapokanyaga klachi, shida iko ndani ya giaboksi, ukianza unapokanyaga, ni beringi ya klachi. Barabarani, ukipungua kwenye gia ya nne, shuku shafti ya chini, kwa kuwa gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja juu. Ukishafungua, badilisha beringi zote na sili zake. Soma namba ya beringi, mfano 6308: zidisha 08 kwa 5, tundu ni milimita 40; nje ni 90, unene 23. Ukiagiza Dar es Salaam taja namba pamoja na herufi zake, kwani C3 ina nafasi kubwa zaidi ndani kuliko ya kawaida. Ukiivalisha kwenye shafti sukuma pete ya ndani, kwenye kasha sukuma pete ya nje. Nguvu isipite kwenye gololi hata kidogo. Ikigoma, ipashe ndani ya oili ya moto, isizidi nyuzi 110. Kasha likiwa limelegea, usilipige senta panchi, alama hizo hulala upesi. Mpelekee mchonga vyuma atie bushi. Osha kila kitu kwa dizeli, kausha, kisha jaza EP90 mpaka usawa wa tundu la kipimo, usipitishe.