Mikwaruzo, Nuru na Subira: Sayansi ya Kung'arisha Rangi ya Gari

Katika gereji za miji yetu ipo kazi ambayo kwa mtazamaji huonekana nyepesi, lakini humkatisha tamaa mwanafunzi mapema: kuing'arisha rangi ya gari kwa mashine. Mwanafunzi husugua boneti saa nzima mpaka mikono ikafa ganzi. Akiwa kivulini huridhika. Gari likitolewa juani, mikwaruzo ya mviringo imejaa kama utando wa buibui. Hapo hubadili sponji, hubadili dawa, huongeza mwendo wa mashine na kukandamiza zaidi. Hali ikizidi kuwa mbaya, huamua kwamba hana mkono wa kazi hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi tatizo halimo mkononi. Mwanafunzi hajaelezwa kinachotendeka chini ya sponji, wala hajafundishwa kuuliza swali moja kwa wakati mmoja.

Kung'aa ni nini?

Uso laini huakisi miale ya nuru kwa mpangilio, kama kioo. Uso wenye mikwaruzo huitawanya. Isaac Newton, katika kitabu chake Opticks kilichotoka mwaka 1704, alieleza kwamba kung'arisha kioo si kuondoa kila mkwaruzo, bali ni kuifanya mikwaruzo iwe midogo mno hata jicho lisiione. Maelezo hayo yanafaa kwa rangi ya gari pia. Dawa ya kung'arishia ina chembechembe ngumu, aghalabu za oksidi ya alumini. Chembe kubwa hufuta mikwaruzo mikubwa na kuacha ya kati. Chembe ndogo hufuta ya kati na kuacha ile isiyoonekana. Basi ukungu unaobaki baada ya hatua ya kwanza si lazima uwe dalili ya kushindwa. Mara nyingi ni dalili kwamba kazi imefika nusu.

Je, kwa nini mikwaruzo huonekana kama duara? Wanafunzi wanaweza kujibu swali hili darasani. Chukua sahani kuukuu ya chuma kisichoshika kutu, uimulike kwa tochi, kisha usogeze tochi polepole. Mtaona duara likiifuata nuru. Mikwaruzo yenyewe imeelekea kila upande; ila ile iliyokaa kuuzunguka mwanga ndiyo inayoakisi miale kuelekea jichoni. Ndiyo maana rangi iliyoonekana safi kivulini husema kweli mbele ya jua au taa moja kali. Fundi asiye na taa ya kukagulia anafanya kazi gizani.

Hesabu chini ya sponji

Tuchukue mashine ambayo sponji yake huzunguka katika mhimili mmoja. Kipenyo cha sponji ni sentimita 15, na mwendo ni mizunguko 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Kasi ya ukingo wake ni 2 × 3.14 × 0.075 × 25, ambayo ni karibu mita 11.8 kwa sekunde, au kilomita 42 kwa saa. Katikati ya sponji kasi ni sifuri. Kumbe sehemu mbalimbali za sponji moja hazifanyi kazi sawa, na mwanafunzi anayeiinamisha mashine huusukumia ukingo kazi yote.

Tutazame pia kanieneo, yaani kani igawanywe kwa eneo. Kani ya nyutoni 50 ikienea katika sponji nzima, kanieneo ni karibu paskali 2,800. Kani hiyo hiyo ikiangukia ukingo wa mlango, mahali ambapo sponji inagusa sentimita 10 tu za mraba, kanieneo hufika paskali 50,000, yaani mara 18 hivi. Ndiyo sababu mafundi waangalifu hubandika tepu ya karatasi kwenye kingo kabla ya kuanza.

Ipo mashine ya aina ya pili, ambayo sponji yake huzunguka huku ikiyumba. Hii ni salama zaidi kwa anayeanza, lakini ina fumbo lake: ikikandamizwa sana, msuguano huisimamisha sponji isizunguke, ingawa injini inaendelea kunguruma. Mwanafunzi husikia sauti akadhani kazi inafanyika. Dawa yake ni rahisi: achore mstari wa wino kwenye kisahani kinachoshika sponji. Mstari ukionekana umesimama, apunguze nguvu na kuilaza sponji sawasawa.

Mtaji usiorudi

Katika magari mengi ya kisasa, juu ya rangi kuna tabaka angavu lenye unene wa maikromita 35 hadi 50 hivi. Unywele wa binadamu una kipenyo cha maikromita 50 hadi 100 hivi. Kila hatua ya kung'arisha hula sehemu ya tabaka hilo, na kilicholiwa hakirudi ila kwa kupiga rangi upya. Kwa hiyo hasira ya fundi hulipwa na mwenye gari. Mwanafunzi na aanze kwa mlango au boneti ya gari bovu.

Swali moja kwa wakati mmoja

Boneti hiyo ioshwe vizuri, kisha igawanywe kwa tepu katika miraba minne. Mraba wa kwanza uachwe vile vile ulivyo, uwe wa kulinganishia. Wa pili ung'arishwe kwa sponji laini na dawa isiyo kali, kwa kusogeza mkono polepole. Katika wa tatu ibadilishwe sponji peke yake. Katika wa nne irudishwe sponji ya kwanza na ibadilishwe dawa peke yake. Kabla ya kukagua, kila mraba ufutwe kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji, maana mafuta ya dawa huweza kuziba mikwaruzo kwa muda na kumdanganya mtazamaji hadi gari lioshwe. Matokeo yote yaandikwe katika daftari.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini anayepotea bila kukumbuka alipokunja kona hajui kitu ila uchovu. Mwanafunzi aliyebadili sponji, dawa na mwendo kwa pamoja hawezi kujua kilichomwangusha; aliyebadili kimoja, hata akishindwa, amepata jibu. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa jaribio lenye kigezo kimoja kinachobadilika anaweza kuwapeleka wanafunzi wake gereji ya jirani, wakiwa na tochi, rula na daftari.