Unauza gitaa la umeme la zamani? Usikimbilie kwa fundi

Tuseme umerithi gitaa la umeme. Limekaa juu ya kabati Iringa au Mbeya miaka nenda rudi, na mtu kakuambia si la kawaida: ni la majaribio, yaani moja ya yale machache ambayo kampuni huyatengeneza kabla ya kuamua lipi litaingia dukani. Unalichomeka kwenye amplifaya, linakwaruza, kisha kimya. Wazo la kwanza ni kumpelekea fundi redio abadilishe vitu vya ndani ndipo uuze. Subiri kidogo.

Kwanza tujue kinachozeeka ni nini. Chini ya nyuzi kuna pikapu (siyo ile ya kubebea viazi vya Mbeya!). Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba maelfu ya mara, waya mwembamba kuliko unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku hubadilika na umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya. Sumaku yenyewe hudumu miongo mingi. Waya ndio hukatika, hasa kutu ya unyevu ikiufikia.

Kupima ni rahisi. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua voliumu yote, chagua pikapu moja, kisha gusa plagi kwa ncha mbili za mita: moja kwenye kichwa cha plagi, nyingine kwenye shina. Pikapu nyingi za kawaida husoma kati ya kiloomu 5 na 9. Ikisoma mamia ya kiloomu, huenda waya umekatika.

Na ule mkwaruzo? Mara nyingi ni kitufe cha voliumu. Ndani yake kuna njia ya kaboni inayokusanya vumbi na uchafu. Dawa maalumu ya kusafishia vifaa vya umeme inaweza kutosha, bila kung'oa kitu.

Hapa ndipo penye pesa. Gitaa la majaribio huenda halina hata namba ya kiwandani, kwa hiyo ushahidi wake uko ndani. Vitufe vingi vya Kimarekani vimegongwa namba mgongoni. Ukikuta 1376612, 137 ni kampuni ya CTS, 66 ni mwaka 1966 na 12 ni wiki ya 12. Maana yake, kama kitufe ni cha asili, gitaa halikukamilika kabla ya wiki hiyo, ingawa linaweza kuwa la baadaye. Fundi akikitupa na kuweka kipya, ametupa cheti cha kuzaliwa. Hata lehemu ya zamani isiyoguswa ni ushahidi. Kama lazima kitu kibadilishwe, kipige picha kwanza, kisha kile cha zamani kifungie kwenye bahasha kiende na gitaa.

Amplifaya ni kesi nyingine. Kapasita zake hukauka kwa umri, na zinaweza kushika umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya, kwa hiyo usiifungue mwenyewe. Kama imeandikwa volti 110 au 120, usiichomeke moja kwa moja kwenye volti 230 za kwetu.

Kabla ya kutangaza bei, uliza pia: gitaa lilikuwa la nani? Bendi nyingi za Tanzania zilimilikiwa na taasisi, kama NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi, si ya mpigaji. Tafuta risiti, barua au picha ya zamani.

Mnunuzi akiwa Dar, kumbuka gitaa linatoka kwenye baridi la Juni la nyanda za juu kwenda kwenye joto lenye unyevu. Ukilitoa kwenye kasha papo hapo, umande huganda juu ya vyuma. Liache ndani ya kasha saa kadhaa lizoee. Kisha mwonyeshe vipimo vyote, pamoja na ile pikapu iliyokufa. Mkusanyaji makini anaweza kununua gitaa bovu la asili. Kilichobadilishwa kimyakimya ndicho kitakachomfanya aondoke.