Pedi za Breki za Mbele na Chumvi ya Mtangawanda

Kila motokaa itembeayo katika Kisiwa cha Pate ilifika huko kwa chombo, na tangu siku iliposhushwa haijaachana na bahari. Kwani kutoka gati ya Mtangawanda, ambako vyombo vitokavyo Lamu hufunga kwa sababu kina chake chawafaa hata maji yakupwapo, ilhali mbele ya mji wa Pate maji ni haba, hadi ufike Siyu, Faza na Kizingitini, hapana mahali ambapo upepo haubebi chumvi. Magari hayo, pamoja na pikipiki, ndiyo yawapokeayo wasafiri na mizigo yao gatini na kuwafikisha majumbani, na dereva aghalabu ndiye fundi wa gari lake, maana gereji iliyotimia kwa vyombo na spea iko ng'ambo ya maji. Kwa ajili ya dereva huyo, na kwa ajili ya abiria waliomkabidhi roho zao, nimeazimia kueleza habari ya pedi za breki za mbele, namna ya kuzichagua na namna ya kuzibadili. Na khasa nataka kubainisha jambo ambalo maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa bara hulipita kwa haraka, nalo ni kwamba pwani pedi hufa kwa kutu kabla haijafa kwa kulika.

Dereva akanyagapo pedeli, mafuta ya breki husukumwa katika paipu hadi kwenye kalipa, na humo pistoni hutoka na kuzibana pedi mbili juu ya diski izungukayo pamoja na gurudumu, mwendo ukageuka kuwa joto. Joto hilo si dogo. Gari lenye uzito wa kilo 1,400 pamoja na watu wake, likienda kilomita 60 kwa saa, limebeba nguvu ya mwendo ya takriban kilojuli 195, na yote hiyo hapana budi imezwe na diski na pedi kabla gari halijasimama. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu hiyo huzidi mara nne. Kwa kuwa gari lisimamapo uzito wake huegemea mbele, magurudumu ya mbele ndiyo yachukuayo sehemu kubwa ya kazi, aghalabu yapata saba katika kumi, na ndiyo sababu magari mengi, Toyota Probox mojawapo, yamepewa diski mbele na kuachiwa ngoma nyuma. Mwenye fedha za kutengeneza upande mmoja tu wa breki zake basi na aanzie mbele, walakini asibadili gurudumu moja akaacha la pili, kwani gari litavutwa upande mmoja siku ya dharura.

Tangu mwanzo wa sanaa hii vumbi na mchanga vimekuwa mahasimu wa pedi. Mwingereza Frederick Lanchester alipopata hataza ya breki za diski mwaka 1902, pedi alizozitumia zilikuwa za shaba, zikapiga mayowe na kulika upesi katika barabara za vumbi za zama zile, na uvumbuzi wake ukakaa miaka mingi bila ya kupata wafuasi. Dawa ilitoka kwa wale waliotafuta kitu cha kusuguana na chuma bila ya kukila. Miongoni mwao alikuwa Herbert Frood, mwasisi wa Ferodo, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1897 huko Derbyshire kwa breki za magari ya farasi. Jaguar iliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 kwa breki za diski, na Citroën ikazitia mbele katika gari lake la DS mwaka 1955, ndipo watengenezaji wengine walipozikubali. Kwa miaka mingi pedi zilichanganywa na asbesto, madini yavumiliayo moto lakini ambayo vumbi lake, likivutwa kwa pumzi, huleta saratani ya mapafu na ya utando wake baada ya miaka mingi. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliyakataza kabisa mwaka 2005. Pedi za zamani bado zaweza kukutwa katika maboksi yaliyosahauliwa madukani na katika magari makuukuu, kwa hivyo vumbi la breki lisipulizwe kwa kinywa wala kwa pampu ya upepo, bali lipanguswe kwa kitambaa kilichoroweshwa maji, na kitambaa hicho kitupwe mbali na watoto.

Sasa niieleze kutu, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Pedi ina sehemu mbili: bamba la chuma nyuma, na juu yake ile nyama isuguayo diski, iliyogandishwa kwa gundi na kwa moto. Unyevu wa chumvi hupenya ukingoni, chuma kikaanza kuliwa, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huinyanyua ile nyama kidogo kidogo kama mzizi wa mti uinuavyo sakafu, hata siku moja, breki inapokanyagwa kwa nguvu, ikabanduka yote, chuma kikabaki kinasugua chuma. Huko bara dereva ateremkaye mteremko wa Mai Mahiu na shehena humaliza pedi zake kwa joto, naye huona unene wake ukipungua, akajua wakati umefika. Kisiwa cha Pate ni nchi tambarare, mwendo wa gari ni wa taratibu, na kwa hivyo pedi yaweza kukaa miaka ikiwa nene, ikampa mwenyewe matumaini ambayo haistahili kuyatoa. Kipimo cha unene, ambacho kwa watu wengi ndicho kipimo cha pekee, huku hakitoshi.

Kutu ina madhara mengine yasiyoonekana kwa mtu asiyetoa gurudumu. Masikio ya pedi hukwama katika fremu yake, na vijiti ambavyo kalipa hutelezea hukauka grisi na kushika. Hapo pedi moja hubana daima, hata mguu ukiwa umeondoka, na mwenzake haifanyi kazi yoyote. Alama yake ni bayana: utakuta pedi ya ndani imelika hadi karibu na bamba, na ya nje i nene kama ilivyotoka dukani, na gurudumu huwa la moto kuliko lile la upande wa pili. Fundi anayeona hali hiyo akabadili pedi tu, asivisafishe vijiti, amefanya nusu ya kazi na kuchukua ujira wa kazi nzima. Ama mchanga, huo huingia baina ya pedi na diski, ukajichimbia katika nyama ya pedi na kuchora mifereji juu ya diski. Mifereji midogo huvumiliwa, lakini ile ishikayo ukucha ukipitisha kidole yataka diski ichongwe au ibadilishwe, na upungufu wake usivuke kile kipimo cha mwisho ambacho watengenezaji hukiandika juu ya diski yenyewe.

Kwa sababu hizo nashauri breki za mbele zifunguliwe na kutazamwa mara mbili kwa mwaka, Kusi inapoingia na Kaskazi inapoingia, hata kama hakuna kelele wala malalamiko. Pedi mpya aghalabu huwa na nyama ya milimita 10 hadi 12. Ikifika milimita 3 ibadilishwe bila ya kungoja, na kabla ya hapo ibadilishwe ikiwa ukingo wa nyama umeachana na bamba, au umepasuka, au bamba limevimba kwa magamba ya kutu. Na gari likipita katika maji ya bahari wakati wa bamvua, ndoo moja ya maji matamu imwagiwe magurudumu ya mbele siku ile ile. Najua kwamba maji matamu visiwani ni kitu cha thamani, walakini ndoo hiyo ni rakhisi kuliko diski mbili. Baada ya kuosha, gari litembezwe kidogo na breki ikanyagwe mara kadhaa ili joto liikaushe, kwa kuwa diski ilazwayo mbichi huamka na kutu.

Katika kuchagua, mnunuzi atakutana na aina tatu zilizo mashuhuri. Ya kwanza ni ile iliyofanyizwa kwa nyuzi zisizo za chuma zilizoshikamanishwa kwa utomvu, laini na isiyo na kelele, lakini huchoka joto linapozidi. Ya pili ina nyuzi za chuma na unga wa chuma ndani yake, huvumilia joto na mizigo mizito, na watu wa lori na wa milimani huipenda kwa haki. Ya tatu ni ya seramiki, yenye bei kubwa zaidi, yenye vumbi kidogo na isiyoila sana diski. Rai yangu kwa Mtangawanda ni kinyume cha ile niliyoisikia kwa wauzaji wengi, ambao humpa mtu wa gari la mizigo pedi ya chuma bila ya kumuuliza anakokaa: chuma kilichomo katika pedi hiyo nacho hupata kutu, na gari likilala siku kadhaa karibu na bahari, pedi na diski huweza kushikana hata gari likang'olewa kwa kishindo. Mahali pasipo na mteremko mrefu sifa yake kubwa haina kazi. Mwenye uwezo achukue seramiki, na asiyeweza achukue ile ya kwanza iliyo njema, na katika zote mbili atazame nyuma ya bamba: liwe limepakwa rangi nzito au zinki pande zote na pembeni, maana bamba lisilopakwa limeshaanza kuliwa tangu lilipotolewa katika boksi.

Pembeni mwa pedi nyingi zimepigwa chapa herufi mbili, kama EE, FF au GG. Herufi hizo hueleza nguvu ya msuguano, ya kwanza pedi ikiwa baridi na ya pili ikiwa moto. E ni baina ya 0.25 na 0.35, F ni baina ya 0.35 na 0.45, na G hupanda hadi 0.55. FF yatosha kwa gari la kawaida. Kadhalika alama ya E ndani ya duara, pamoja na namba za kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa, hudai kwamba pedi imejaribiwa na kulinganishwa na ile ya asili. Nasema hudai kwa kuwa waghushi nao hupiga chapa. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa za kughushi mwaka 2008, na bado hadhari ya mnunuzi ndiyo ngao ya kwanza. Maandishi yaliyopigwa ovyo, nyama yenye mapovu au isiyolingana unene, bei iliyo nusu ya bei ya kila duka, zote ni sababu tosha za kuirudisha pedi mkononi mwa muuzaji.

Spea itokayo Mombasa hupita Garsen na Witu hadi Mokowe, ikavuka hadi Lamu, kisha ikapanda chombo cha Mtangawanda, na pedi isiyolingana hairudishwi kwa safari hiyo bila ya gharama. Kwa hivyo usiagize kwa jina la gari peke yake. Probox ya NCP50, ya NCP51 na ile ya baadaye ya NCP160 zaitwa kwa jina moja, lakini si lazima spea zao ziwe moja. Peleka namba ya chasisi kamili, na ikiwezekana picha ya pedi kuukuu iliyolazwa juu ya rula, mbele na nyuma.

Kubadili kwenyewe si muhali kwa mtu makini. Gari lisimamishwe mahali pagumu na pa sawa, si juu ya mchanga, magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi, nati zilegezwe kabla ya kuinua, na baada ya kuinua kwa jeki gari likalishwe juu ya stendi, kwani jeki ni ya kuinulia na haikuwekwa kumhifadhi mtu. Katika gari dogo lenye kalipa ya kuteleza hufunguliwa bolti ya chini, kalipa ikapinduliwa juu, pedi zikatoka; katika Land Cruiser za mfululizo wa HZJ79 kalipa haisogei, ina pistoni nne, na pedi huchomolewa kwa kuvuta pini zake. Kalipa isiachwe ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta. Ifungwe kwa waya. Pistoni irudishwe ndani polepole kwa jiliwa, kifuniko cha kopo la mafuta kikiwa kimefunguliwa na jicho likitazama yasifurike, maana mafuta ya breki hula rangi ya gari. Kisha fremu isuguliwe kwa burashi ya waya hadi kutu yote itoke na masikio ya pedi mpya yateleze kwa kidole, na vijiti vipakwe grisi ya silikoni ivumiliayo joto. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake. Tone la grisi lisiguse diski wala uso wa pedi.

Gurudumu likisharudi, nati zikazwe kwa mkingamo, na kwa Probox kiasi chake ni yapata newtoni-mita 103. Kabla ya kuondoa gari, pedeli ipigwe mara nyingi mpaka iwe ngumu, kwani pistoni zilizorudishwa nyuma hazitabana chochote kwa mkanyago wa kwanza. Mafuta nayo yatazamwe: hunyonya unyevu wa hewa, na yale ya DOT 3, ambayo yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, yakishanyonya maji kiwango chake cha chini huwa nyuzi 140; kwa hivyo huku pwani yamwagwe na kutiwa mapya kila miaka miwili. Pedi mpya zizoeshwe diski kwa kupunguza mwendo taratibu mara kumi hivi, kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, bila ya kusimama kabisa na kwa kuacha nafasi ya kupoa, gari likiwa tupu na katika njia isiyo na watu. Na literemkapo gatini kwa mara ya kwanza, literemke bila ya abiria.