Je, Wajua? Makunyanzi na Hadaa za Makopo

Je, wajua kwamba, miongoni mwa marhamu zote zinadiwazo katika maduka ya Bujumbura kuwa hurejesha ujana, iliyo na ithibati ya miaka mingi ni tretinoini, jamaa wa vitamini A, ambayo wakuu wa dawa wa Marekani waliipa idhini mwaka 1995 kwa makunyanzi membamba, na ambayo hata hiyo hupunguza tu, tena kwa miezi, wala haimfai mja mzito? (Asikurupuke mtu kujipaka mawese ya Rumonge kwa hoja kwamba nayo yana asili ya vitamini hiyo: mahali pake ni chunguni.)

Nayo kolajeni ya kunywa, protini inadiwayo vilevile kuwa huondoa makunyanzi, ifikapo tumboni humeng'enywa kama ndagala, na nyingi ya tafiti ziisifuzo zimegharimiwa na wauzaji wenyewe.

Adui mkuu ni jua, na Bujumbura haiko mbali na Ikweta. Huko Australia, uchunguzi wa watu 903 uliotangazwa mwaka 2013 ulibainisha kwamba waliojipaka mafuta ya kukinga jua kila siku kwa miaka 4 na nusu, ngozi zao hazikuonyesha kuzeeka zaidi. Mweusi kajaliwa mwavuli wa kuzaliwa nao, ndio weusi wenyewe. Basi shani iliyoje kumwona mtu, mkono mmoja kashika krimu ya makunyanzi, na wa pili mkorogo wa haidrokwinoni unaomnyang'anya mwavuli ule, aghalabu umechanganywa na dawa jamii ya kotizoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huikondesha ngozi ikawa kama karatasi!