Tshopo: Mwingereza aliyeitwa kula kwa mlio wa lokole

Mwaka 1954, huko Yalemba, kwenye ukingo wa mto Kongo ukishuka kutoka Kisangani, saa ya kula ilipofika, msimamizi wa shule ya misioni mara nyingi alikuwa bado anatembea msituni. Mkewe hakumtuma mtoto kwenda kumtafuta. Alipiga lokole. Mlio ulimwita kwa jina lake la ngoma, mzungu roho ya msituni, ukamwambia arudi nyumbani kwa sababu mwanamke anamngoja na viazi vikuu. Mume alisikia, akaelewa, akarudi.

Mtu huyo ni John Carrington, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1914 katika eneo la Northamptonshire. Alifika Kongo mwaka 1938, akiwa na miaka 24, ametumwa na misioni ya Wabaptisti wa Uingereza. Sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha huku kwetu, hasa katika eneo ambalo leo ni jimbo la Tshopo. Vijana wengi wa Kisangani hawalijui jina lake. Lakini historia yake inagusa swali la zamani katika mji huu uliopokea watu kutoka kila upande: mgeni anakuwa mwenyeji lini?

Yakusu, misioni ya madaktari na walimu

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Yakusu, kilomita 20 hivi kutoka Kisangani ukishuka mto. Wabaptisti walikuwa pale tangu miaka ya 1890. Mwaka 1920 alifika daktari Clement Chesterman, ambaye alijenga hospitali na kufundisha wauguzi Wakongomani ili waende vijijini kupigana na ugonjwa wa malale. Baada yake alikuja daktari Stanley Browne, aliyefanya kazi huko kuanzia mwaka 1936 hadi 1959 na kujulikana duniani kwa kazi yake juu ya ukoma.

Kwa wageni hao, Uingereza ilikuwa mbali kweli. Barua ilichukua wiki nyingi kufika. Kanisani na shuleni lugha ilikuwa Kilokele, lugha ya wavuvi na wafanyabiashara wa mtoni. Aliyetaka kufundisha, kutibu au hata kununua samaki alipaswa kujifunza lugha hiyo.

Carrington hakuishia kwenye lugha ya mdomo. Siku moja, akiwa safarini katika vijiji vya msitu wa Wambole, aliamua ghafla kupitia Yaongama bila kumjulisha mtu. Alipofika alishangaa: mwalimu, muuguzi na waamini wa kanisa walikuwa tayari wamekusanyika wakimngoja. Walimwambia kwamba lokole ilikuwa imewapasha habari ya kuja kwake. Tangu hapo akatafuta kujua namna gani gogo la mti linaweza kusema maneno.

Namna gogo linavyosema

Lokole ni gogo la mti mgumu, limechongwa ndani na kuachiwa ufa mrefu juu. Midomo miwili ya ufa huo haina sauti moja: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Kilokele nacho, kama Kilingala na tofauti na Kiswahili, ni lugha ambamo sauti ya juu na ya chini inabadilisha maana ya neno. Carrington alipenda kutoa mfano wa maneno "alambaka boili". Ukiyatamka kwa sauti moja, umesema mtu aliangalia ukingo wa mto. Ukikosea sauti, umesema alimchemsha mama mkwe wake.

Mpiga lokole anafuata sauti hizo tu, bila herufi. Lakini hapo kuna shida, kwa sababu maneno mengi yana sauti zinazofanana. "Songe", yaani mwezi, na "koko", yaani kuku, kwenye lokole ni kitu kimoja. Kwa hiyo wazee waliongeza maneno ili msikilizaji asipotee. Mwezi ukawa mwezi unaoangalia chini duniani. Kuku akawa kuku, yule mdogo anayesema kiokio. Ndiyo maana ujumbe mfupi wa mdomo unakuwa mrefu kwenye lokole. Wazungu wengi waliotangulia walisikia kelele tu, au walidhani ni alama za siri. Carrington alikaa na wapigaji, akajifunza kupiga mwenyewe, na mwaka 1949 akatoa kitabu kwa Kiingereza juu ya ngoma zinazosema.

Wanakijiji nao walikuwa na maelezo yao juu yake. Walisema kwamba mtu huyu si mzungu kweli. Zamani alikuwa mtu wa kijiji chao; alipokufa, roho zilikosea njia zikampeleka kuzaliwa kwa mwanamke mzungu. Ndiyo sababu hakuweza kusahau kwao, akarudi. Na kama mikono yake ilikuwa mizito kidogo kwenye lokole, kosa si lake: ni malezi mabaya aliyopewa na wazungu.

Waingereza wa Hispania

Maisha hayo ni tofauti na ya Waingereza wengi wanaohamia nje leo. Zaidi ya robo milioni wameandikishwa kuwa wakaaji wa Hispania, na wengi wao ni wazee waliostaafu. Wamefuata jua, bahari na maisha yenye bei nafuu kuliko kwao. Pensheni inawafuata kutoka Uingereza. Katika miji ya pwani kama Benidorm na Fuengirola, mtu anaweza kunywa bia, kusoma gazeti na kumwona daktari kwa Kiingereza. Wako wanaokaa miaka mingi bila kujua Kihispania cha kutosha kuzungumza na jirani.

Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, wengi walikumbuka kwamba wao ni wageni. Tangu mwaka 2021, Mwingereza asiye na kibali cha kukaa haruhusiwi kupita siku 90 katika kila siku 180. Makaratasi yakawa jambo la kwanza katika mazungumzo yao.

Waliobaki na walioondoka

Kisangani nayo inajua namna maisha ya mgeni yanavyoweza kugeuka kwa siku moja. Mwezi wa 8 mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, uliokuwa bado unaitwa Stanleyville. Wageni wengi walishikwa mateka, hadi wanajeshi wa Ubelgiji waliposhuka kwa miavuli tarehe 24 Novemba. Baadhi ya mateka waliuawa, na Wakongomani kwa maelfu walipoteza maisha katika vita hivyo. Mwaka 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe Wazairwa, na wafanyabiashara wengi Wagiriki, Wareno na Wahindi wakafunga mizigo.

Carrington hakuikata kamba iliyomfunga na nchi hii. Alifundisha pia katika chuo kikuu cha Kisangani, kilichofunguliwa mwaka 1963 na ambacho leo kinaitwa UNIKIS. Alifariki mwaka 1992.

Lokole leo

Tayari wakati wake, vijana waliosoma walikuwa wanaacha lokole. Na hapa kuna jambo gumu: shule yenyewe, pamoja na zile za misioni yake, ilichangia. Mtoto aliyekaa darasani asubuhi hadi jioni hakupata muda wa kukaa karibu na mzee akisikiliza. Leo mtoto wa Kilokele aliyezaliwa Mangobo au Tshopo anaongea Kiswahili na Kilingala barabarani na Kifaransa shuleni. Habari ya msiba, iliyokuwa ikipita kijiji hadi kijiji kwa lokole usiku, sasa inafika kwa simu, pale ambapo mtandao unapatikana.

Simu inafika mbali zaidi, hakuna anayebisha. Lakini yale maneno marefu ya mwezi, ya kuku, na majina ya watu pamoja na ya baba zao, yalikuwa yanakaa ndani ya lokole. Isipopigwa, nayo yanatoka mdomoni. Kitabu cha Carrington kimehifadhi baadhi, kwa Kiingereza, lugha ambayo wakaaji wengi wa Yakusu na Yalemba hawaisomi.

Simu hiyo hiyo inaweza kusaidia. Inarekodi sauti, na sauti ndiyo lokole yenyewe. Kinachohitajika ni kijana wa kupanda mtumbwi, kuketi na mzee anayejua kupiga, na kuuliza kila mlio unasema nini. Carrington alianza hivyo, naye hakuwa hata na simu.